Jibu: Majina ya waigizaji na kikosi kwenye kijitabu cha onyesho

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: kikundi chenu kiko karibu kupanda jukwaani, waigizaji wanagombania nani atangulie kwenye kijitabu, na mwongozaji naye anaigiza.

Kabla ya hayo yote, angalia jina la mtunzi wa igizo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, na ruhusa yake ya kuigiza muwe nayo kwa maandishi. Kama mlitunga wote mazoezini, andikeni "igizo limetungwa na kikundi", kisha mtajeni aliyeshika kalamu.

Kwa waigizaji, mimi hutumia mpangilio wa kutokea jukwaani: mhusika kushoto, mwigizaji kulia. Kwa mfano, anayemfungulia tajiri mlango ukurasa wa kwanza wa hati ya igizo anatangulia, hata kama hasemi neno. Ugomvi huisha hapo, maana hati yenyewe ndiyo iliyopanga. Mwongozaji anatajwa mara mbili, kila kazi mahali pake.

Sasa kikosi cha nyuma, na hapa naomba sana msibane: maleba (mavazi ya jukwaani), taa, sauti, mapambo ya jukwaa, ngoma, meneja wa jukwaa. Yule dada anayeshona kanga iliyochanika kati ya onyesho moja na jingine anastahili jina lake kamili, si "na wengineo".

Mwisho, kabla ya kuchapa, bandika orodha ukutani mazoezini, kila mtu asahihishe tahajia ya jina lake kwa mkono wake na aweke saini.