Maswali ya Wasomaji: Makabaila waliobaki bila mfalme

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Nasikia baada ya vita kuu ya kwanza, kati ya watu waliopiga debe sana nchi za Ulaya ziungane walikuwemo makabaila, watu wa majumba na vyeo. Sasa mbona hao ndo walikuwa wamepoteza kila kitu? Si wangekaa tu wakamlilia mfalme wao? (Mdadisi)

JIBU: Marahaba. Kulia walilia, wengine mpaka wanaingia kaburini. Ila angalia kilichowakuta. Urusi ya tsar imeanguka 1917, Ujerumani na Austria-Hungaria 1918, Waosmani wa Uturuki nao 1922. Czechoslovakia ikafuta vyeo vya kikabaila Desemba 1918, Austria ikafuata Aprili 1919, na mwaka huohuo Estonia ikataifisha mashamba makubwa ya mabwana wa Kijerumani. Mwanafalsafa Hermann Keyserling alikuwa mmoja wao, shamba la ukoo likaenda, akahamia Ujerumani, akamwoa mjukuu wa Bismarck, yule kansela aliyeiunganisha Ujerumani, na 1920 akafungua Shule ya Hekima pale Darmstadt, anayemsaidia ni mtawala wa zamani wa Hesse, jimbo la hapo hapo Ujerumani, ambaye naye kiti kilishaota mbawa!

Sasa mkulima wa Bohemia, sehemu ya Austria-Hungaria iliyoingia Czechoslovakia, aliambiwa wewe ni Mcheki, akasema sawa, maisha yakaendelea. Kabaila je? Mama wa huku, bibi wa kule, mabinamu wametapakaa nchi tatu nne, utotoni kafundishwa lugha kibao, halafu unamwambia achague taifa moja. Taifa lilimbana kama kiatu cha mdogo wake. Alizoea himaya, na himaya haipo tena, kwa hiyo kilichobaki chenye saizi yake ni bara zima. Mimi naona hapo ndo penyewe, wala haikuwa huruma kwa wanyonge.

Mchukue Richard Coudenhove-Kalergi. Kazaliwa Tokyo 1894, baba mwanadiplomasia wa Austria-Hungaria, mama Mjapani, Mitsuko Aoyama, kakulia kwenye ngome ya ukoo huko Ronsperg, Bohemia, na vita vilipoisha akajikuta raia wa Czechoslovakia. 1923 akatoa kitabu, Paneuropa, cha kutaka Ulaya iungane, na hilo likawa jina la mpango wake, mwenye benki mmoja tajiri wa Hamburg, Max Warburg, akampa mark za dhahabu 60,000, na 1926 akafanya kongamano Vienna lililojaza watu kama 2,000. Ofisi yake ilikuwa wapi? Ndani ya Hofburg, ikulu ya kina Habsburg wenyewe, ukoo uliotawala Austria-Hungaria. Hata wazo la kuufanya muziki wa Beethoven wimbo wa Ulaya alilitoa yeye 1929.

Ila usije ukawaona malaika. Huyo huyo demokrasia ya kuhesabu kura haikumkosha sana, alitaka tabaka jipya la juu, la akili na roho. Na kabaila mwenzake Karl Anton Rohan, aliyeanzisha jarida la Europäische Revue 1925, alivutiwa na ufashisti wa Italia na baadaye akaishia kwa Wanazi, wakati Coudenhove-Kalergi aliwakimbia Wanazi hao hao 1938 walipoingia Austria. Ndoto karibu ileile, na tazama walikoishia.

SWALI: Na Afrika kwenye hiyo Ulaya yao tulikuwa wapi? (Msomaji wa zamani)

JIBU: Kwenye ramani, bwana, tena tumepakwa rangi. Coudenhove-Kalergi aliigawa dunia mafungu makubwa, Uingereza na makoloni yake fungu lake, Wasovieti lao, na Paneuropa ikaingia na makoloni ya Ufaransa, Ubelgiji, Ureno na Italia. Afrika aliihesabu ghala la malighafi na mahali pa Wazungu kupanua kazi zao kwa pamoja, ndo mpango uliokuja kuitwa Eurafrika. Vita kati ya Wazungu iishe, ukoloni ubaki. Kenya, Zanzibar na Tanganyika humo hazimo, lakini usishangilie, zilikuwa fungu la Mwingereza.