Wadogo zangu wa skuta, kadi kwanza ndo mambo mengine

Wiki hii dogo mwingine hapa kazini kaja na skuta, nyekundu, kali kweli, watu wameizunguka wanapiga picha. Nikamuuliza kitu kimoja tu, kadi ya usajili ina jina la nani? "Kaka kadi ninayo, jina ntabadilisha taratibu." Roho iliniuma. Kila mwaka wanaingia wapya mjini wananunua skuta kukwepa daladala na jibu ni hilohilo, kwahiyo naandika, someni kabla hujamtumia mtu hela.

1. Kadi. Mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa haukufanyi uwe mmiliki, unaonyesha tu kuna hela ilitoka kwako ikaenda kwa fulani. Mwenye skuta ni yule ambaye TRA, watu wa kodi wanaosajili vyombo, wanamjua.

Hili najua kwasababu skuta yangu ya kwanza niliinunua kwa winga, yaani dalali, Kariakoo, kadi ina jina la mzee wa Mbagala. Winga akasema kauziwa na mtoto wa mzee, mzee yupo, siku yoyote nikitaka atakuja kusaini. Bei ilikuwa chini kuliko zote nilizoona, nikalipa yote siku hiyohiyo nikaondoka nayo. Leseni ninayo, bima ndogo nimekata, nikaona nimemaliza kila kitu. Jina nikaliacha, leo kazi, kesho mvua, mwezi ujao.

Afu siku moja bajaji ikanigonga ubavuni, mimi nikaumia goti, trafiki akavipeleka vyombo vyote kituoni. Naenda kuchukua changu, swali la kwanza: mwenye chombo yuko wapi? Natoa mkataba, askari anausoma vizuri tu ananirudishia, anasema mlete huyu wa kwenye kadi au barua yake. Winga hapatikani. Nikachechemea mpaka Mbagala, nikauliza mtaa mzima mpaka nikafika. Kafungua mama mtu mzima, shikamoo, marahaba, nikamwambia namtafuta mzee fulani nina kadi yake. Akaipokea, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole juu ya jina, herufi moja moja. Akaniuliza, "Mwanangu, hii umeipata wapi?" Mzee alikuwa kashafariki hata kabla mimi sijainunua. Mama alikuwa anajua skuta iko kwa fundi. Kijana wake ndo aliiuza.

Hakunigombeza. Alinikaribisha nikae, na hapo ndo niliumia zaidi, maana nilikuwa nimekaa kwa mjane na mali ya watoto wake nimeigeuza usafiri wangu. Baada ya hapo ni mirathi, kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo, kusubiri msimamizi ateuliwe, maana marehemu hasaini na mtoto mmoja hawezi kuuza peke yake. Muda wote huo skuta iko kituoni inapigwa na jua, siti imepasuka, tairi zimekaa chini. Mwisho familia ilikubali kuniuzia kihalali na nikalipa tena, na hiyo hela ya pili niliitoa kwa moyo mmoja kwasababu ilikuwa haki yao.

Kwahiyo siku ya kununua mwenye jina awe mbele yako, kitambulisho cha NIDA mkononi, TIN (namba ya mlipakodi) yake na yako, mshughulikie uhamisho TRA pamoja, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei na ada ya kuhamisha mkubaliane mapema nani analipa. Hela ya kumalizia itoke uhamisho ukishaingia. Akikwambia jina la kwenye kadi ni la baba, muulize baba yuko wapi, na ukamuone.

2. Namba ya chasisi isome mwenyewe kwenye chuma. Kwenye skuta nyingi imejificha chini ya kava la plastiki pale unapoweka miguu au chini ya siti, nenda na bisibisi na tochi. Kama muuzaji hataki kava lifunguliwe, ondoka. Na namba ya usajili iingize kwenye mfumo wa trafiki, TMS, uone madeni kabla hayajawa yako.

3. Leseni. Nyie wenye leseni ya gari mnanichosha, tena ni watu wazima. Daraja D haihusu pikipiki, na skuta ni pikipiki, plate yake ni MC kama Boxer za bodaboda. Kuna A, A1 na A3 kulingana na ukubwa wa injini, angalia cc kwenye kadi ndo uombe daraja lako. Chukua leseni ya kujifunzia, soma, fanya mtihani. Tangu 2019 leseni kamili inakaa miaka 5, sioni cha kukwepa hapo.

4. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, skuta yako haiigusi. Ukikata, hakiki hapohapo kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, usiridhike na meseji ya wakala.

5. Road licence ya kila mwaka ilifutwa 2017, anayekudai anataka hela yako.

6. Helmeti mbili, yako na ya unayembeba, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Faini ya pikipiki imeshuka toka 30,000 mpaka 10,000 tangu 2021, na kuna vijana wanapiga hesabu kwamba ni rahisi kulipa kuliko kununua helmeti nzuri. Jamani hiyo helmeti hununui kwa ajili ya trafiki. Dada mmoja tulikuwa tunaenda nae kazini njia moja alikuwa anaivaa bila kufunga, alivyodondoka ikatangulia yenyewe mbele, yeye akafuata na kichwa kitupu. Amepona, namshukuru Mungu kila nikimuona, ila alikaa muda mrefu anasahau majina yetu.

7. Barabarani. Mliozoea Boxer, mkono wa kushoto huku sio klachi, ni breki ya nyuma, ukiubana kwa mazoea kwenye mchanga unalala chini. Tairi za skuta nyingi ni inchi 10 au 12, shimo ambalo boda analiruka wewe linakumeza, punguza mwendo mapema. Njia ya mwendokasi usiingie hata kama boda kumi wameingia mbele yako, lile basi halina pa kukukwepea. Masika ikianza, maji yakifika kwenye kava la mkanda unaozungusha tairi la nyuma rudi, mkanda ukilowa unateleza, skuta inakuachia katikati ya maji na malori yako nyuma.

8. Fundi wa boda sio lazima awe fundi wa skuta. Wengi wanamwaga oili ya injini wanasahau ile ya gia kule kwenye tairi la nyuma, ina nati yake. Kaa pale mpaka umeona zote mbili zimetoka.