Mwanangu ana aleji ya korosho, mama mkwe anasema namdekeza

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu wa miaka 8 alikula biskuti kumbe ina korosho, midomo ikavimba, akatapika, akaanza kukohoa kama anakabwa. Hospitali wakapima wakasema ni aleji, korosho na pistachio asiguse kabisa, wakatupa sindano mbili za adrenalini zile za mfano wa kalamu. Sasa mama mkwe anasema namdekeza, eti nimpe kidogo kidogo atazoea. Na karanga na nazi je, nazo niache? Hata bethdei za wenzake naogopa kumpeleka.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, huo uoga wako nauelewa. Hilo la kidogo kidogo USIJARIBU nyumbani! Matibabu ya kumzoesha mtoto yapo kweli, ila ni kwa vipimo vidogo mno na daktari wa aleji akiwa anamwangalia, sio kijiko cha jikoni.

Korosho na pistachio ni ukoo mmoja ndo maana mwenye shida na moja mara nyingi na nyingine inamsumbua. Karanga ni jamii ya kunde, haioti mtini, lakini wapo wenye aleji ya vyote na viwandani vinapita mashine moja, kwa hiyo muulize daktari wenu kabla ya kumpa. Nazi wengi wenye aleji hii wanakula bila shida, kama alikuwa anakula na daktari hajaikataza usimnyime bure.

Kinachoponza watu ni vitu vidogo. Mtu anakata keki ya lozi na korosho, anafuta kisu kwa kitambaa, anakata ile "isiyo na kitu", basi imeshaingia hapo. Kupika au kukaanga hakuiui aleji, na mikono ni maji na sabuni, ile jeli ya kuua vijidudu haiondoi. Lebo soma kila unaponunua hata kama ni biskuti mnayoila miaka yote, manake watengenezaji hubadilisha mchanganyiko bila kupiga tarumbeta.

Bethdei apelekwe jamani, asikue anachungulia wenzake dirishani. Mbebee chakula chake, ongea na mwenye sherehe mapema, na zile kalamu MBILI ziwe kwa mtu mzima aliye naye pale pale, sio kwenye gari linalochemka jua wala kwenye friji. Angalia na tarehe ya kuisha.

Akila kwa bahati mbaya akaanza kupumua kwa shida, sauti ikakauka, ulimi ukavimba au akalegea, mchome pajani upande wa nje, hata juu ya suruali, halafu ndo upige simu ya dharura. Usianze na vidonge vya kutuliza muwasho ukasubiri uone, vile havifungui koo. Mlaze miguu juu, akihema kwa shida mkalishe, ila asisimame wala kutembea. Dakika 5 hadi 15 hakuna nafuu mchome ya pili. Na hata akichangamka hospitali mnaenda, maana inaweza kurudi baada ya masaa.

Mama mkwe usigombane naye. Anampenda mjukuu, ila hakuiona ile siku ya biskuti. Muombe daktari kalamu ya mazoezi, ile isiyo na sindano, mpe aishike mwenyewe aikandamize pajani mpaka aizoee, maana siku nyingine yeye ndo atakuwa na mtoto peke yake.