Kwa nini mtu mpole hutii amri mbaya

Ndugu, umeuliza inakuwaje mtu anayeogopa hata kuchinja kuku akubali kumtesa mwenzake kwa sababu tu mkubwa kasema. Sikubaliani na waliojibu kwamba ni ukatili wa kuzaliwa nao. Mwaka 1961, katika jaribio lake, mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaagiza watu wa kawaida wampige mtu shoti ya umeme kila alipokosea jibu, kuanzia volti 15 na kupanda 15 kila kosa. Shoti hazikuwa za kweli, ila wao hawakujua. Katika matokeo aliyochapisha kwanza, wanaume 26 kati ya 40 walifika mwisho, volti 450. Tena hawakufurahia: wengi walitetemeka na kutokwa jasho, na bado wakaendelea.

Milgram alieleza kwamba mtu akishajiona ni chombo tu cha mkubwa wake, mzigo wa dhamira anamtwika aliyeamuru. Ni kweli, lakini mimi naona hatari kubwa ipo kwenye zile hatua ndogo ndogo. Ukishampiga 150, utakataa 165 kwa hoja gani? Kukataa ni kukiri kwamba hata ile ya nyuma ilikuwa kosa, na hilo linauma.

Umbali nao huchangia. Msimamizi wa jaribio alipoagiza kwa simu badala ya kuwa chumbani nao, waliotii hadi mwisho walishuka hadi kama mmoja kati ya watano. Na wenzao wawili, waliopangwa kwa siri, walipogoma mbele yao, ni wanne tu kati ya 40 waliomaliza.