Re: Nimemaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu kidato cha sita), nina wito wa ualimu kweli?

Habari mdogo wangu. Umesema unapenda kufundisha, ila nyumbani wanasema ualimu ni wa waliokosa pengine, na sasa hujui kama huo ni wito au unajidanganya.

Nafundisha hesabu sekondari ya kata. Kabla hujaomba chuo, nenda shule ya jirani ukamwombe mkuu akuruhusu kujitolea. Omba kidato cha kwanza: wale wametoka shule ya msingi walikosoma kwa Kiswahili, ghafla kila kitu ni Kiingereza. Mweleze mtoto yuleyule hesabu za sehemu (kama nusu na robo) kwa mara ya tatu, halafu jioni usahihishe rundo la madaftari. Ukijikuta unatafuta njia nyingine ya kumwelewesha, una kitu. Ukijikuta unatafuta fimbo, fikiri upya.

Ufasaha wa kuongea usikupe kichwa. Wapo wanaoongea vizuri na darasa zima linatoka kapa.

Ila wito haulipi kodi ya nyumba. Ajira inaweza kuchelewa, na unaweza kupangiwa mbali na kwenu. Nafuu yako ni kwamba walimu wa hesabu na fizikia bado ni wachache. Ya mkopo wa chuo waulize waliosoma karibuni, mimi nimeshapitwa.