Babu Alikuwa Shaushi: Majibu kwa Wanaotafuta Askari wa Ukoo

Swali (msomaji, Ndanda): Tangu utoto tunaambiwa kwamba babu yake baba alikuwa shaushi wa Mjerumani pale Lindi, kisha akawa askari wa Mwingereza. Wajomba wanabisha: mtu mmoja hawezi kupigania pande mbili katika vita moja. Hatuna karatasi hata moja. Tuanzie wapi?

Jibu: Wajomba wasiitupe habari hiyo. Huenda ndiyo bora kuliko zote mlizo nazo. Baada ya mapigano ya Mahiwa, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, alirudi nyuma kupitia Chiwata na Nambindinga. Kabla ya kuvuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba aliwaacha majeruhi, wagonjwa na askari wengi aliokuwa hana tena chakula cha kuwalisha, wakaangukia mikononi mwa Waingereza. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakiunda kikosi cha sita cha King's African Rifles (jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, ambalo watu waliliita Keya), yaani Keya ya sita, na waliwachukua humo askari waliokuwa wamemtumikia Mjerumani. Mtu kuanza huku na kumalizia kule ni jambo linalojulikana vizuri katika vita ile. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa babu yenu, basi mna mwaka wa kuanzia, na mna vikosi viwili vya kutafuta badala ya kimoja.

Msianze na jina. Majina yanapotosha kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Anzeni na cheo, kikosi na mahali. Kwa Mjerumani vyeo vya askari Waafrika vilipanda hivi: askari, ombasha, shaushi, beshaushi, soli, na juu kabisa efendi. Shaushi ni sawa na sajini. Maefendi walikuwa wachache mno, kwa hiyo ukoo ukisema "alikuwa efendi", ulizeni alikuwa wa nani na lini: katika Keya neno hilohilo lilikuja kuwa cheo rasmi miaka ya 1950, na askari walizoea kumwitia mkubwa yeyote.

Mwaka 1914 jeshi la Mjerumani lilikuwa na kombania 14, na ya tatu ndiyo iliyokaa Lindi. Lakini Lindi ilikuwa pia na askari polisi wa boma, waliokuwa chini ya utawala wa kiraia. Hao nao walivaa kofia, walishika bunduki na walikuwa na mashaushi. Waulizeni wazee: alikuwa akikusanya kodi na kupeleka watu barazani, au alikuwa akienda safari za vita na kombania? Jibu la swali hilo ndilo litakalowaelekeza kwenye mafaili ya kufungua.

Mkiwahoji wazee, hojini mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, maneno ya aliye mkubwa kwa umri ndiyo yanayobaki na mengine yanamezwa. Msiulize mwaka, ulizeni matukio. Majimaji (1905 hadi 1907) ilimkuta ameshaoa? Mwingereza alipotua Lindi, Septemba 1916, yeye alikuwa wapi? Alifariki kabla ya mradi wa karanga wa Nachingwea, wa mwishoni mwa miaka ya 1940, au baada yake? Kwa maswali matatu ya namna hiyo mnaweza kukadiria umri wake kwa tofauti ya miaka michache tu.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu, kwa hiyo vizazi viwili au vitatu vinaweza kuwa na jina lilelile, na katika simulizi watu wawili wakawa mtu mmoja. Askari aliyekuwa shaushi mwaka 1914 hakuzaliwa baada ya 1895 au karibu na hapo. Ikiwa mtoto wake wa mwisho alizaliwa 1950, huenda kuna kizazi kimerukwa. Rudini kuhesabu.

Sasa karatasi. Andikeni ukurasa mmoja: jina lake na la baba yake, ukoo, kabila, kijiji, jumbe au akida wa wakati ule, cheo, kikosi, na tukio la mwisho analokumbukwa nalo. Jumbe msimwache, kwa sababu maofisa wa wakati ule walimtambua mtu kwa jumbe wake mara nyingi kuliko kwa jina la ukoo.

Msitarajie faili la babu lenye jina lake juu. Kumbukumbu nyingi za watumishi wa jeshi la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, ziliungua Potsdam, Aprili 1945, kwa mabomu ya ndege, na askari Mwafrika tangu mwanzo hakuandikiwa kwa kirefu kama ofisa Mjerumani. Kilichobaki ni mafaili ya utawala. Yako sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ambako mafaili ya Kijerumani yana alama ya herufi G, na ambako pia kuna vitabu vya wilaya vya Mwingereza vyenye habari za koo, maakida na majumbe. Sehemu ya pili ni Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, ya Berlin, fungu R 1001, la wizara ya makoloni. Mafaili mengi ya fungu hilo yamepigwa picha na yanasomwa bure kwenye intaneti.

Mnapotafuta, andikeni kama Mjerumani alivyosikia. Masasi aliiandika Massassi. Sauti ya "ch" aliiandika tsch, "sh" akaiandika sch, na "y" akaiandika j, kwa hiyo Myao ni Jao. Saidi anaweza kuwa Ssaidi. Mkitafuta kwa tahajia ya leo mtaambiwa hakuna kitu, na kitu kipo. Mwandiko wa mkono wa wakati ule hausomwi hata na Wajerumani wengi wa leo. Pigeni picha ukurasa, mtafuteni anayeusoma, msikisie.

Swali (msomaji, Mikindani): Babu alituachia nishani mbili, moja ya umbo la nyota na nyingine ya duara. Inasemekana alifika Burma. Kijana mmoja wa mtaani anasema tuzisugue kwa limau na majivu ili maandishi yaonekane. Tufanyeje?

Jibu: Msisugue, tafadhali sana. Maandishi yenyewe ndiyo yanayolika kwanza. Zifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu laini, kisha mzishike dirishani asubuhi, mwanga uingie kutoka ubavuni, mkizungusha ukingo polepole huku mkipiga picha kwa simu.

Tazameni kwanza sura ya mfalme kwenye ile ya duara. Mwenye ndevu ni George V, na nishani yake ni ya vita vya 1914 hadi 1918. Asiye na ndevu ni George VI, vita vya Hitla. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Nishani za vita ya kwanza zilizotolewa kwa askari wa Keya ziligongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Za vita ya pili zilitolewa kwa askari wa Keya bila jina. Kwa hiyo mkiona ukingo mtupu kwenye nishani ya George VI, msidhani imefutika au ni bandia. Ndivyo ilivyotoka.

Nyota zote za vita ya pili zina ncha sita na zinafanana kwa mbali. Someni duara dogo la katikati, ndilo lenye jina. THE BURMA STAR ikiwapo, babu alihesabiwa kwenye mapigano ya upande ule. THE AFRICA STAR kwa askari wa kwetu mara nyingi ni Uhabeshi na Somalia. Waliokwenda Madagaska mwaka 1942 walipata THE 1939–1945 STAR. Utepe msiuamini sana, kwa sababu hukatika na watu hushona wowote walioupata. Ule halisi wa Burma ni wa buluu iliyoiva, wenye mstari mpana mwekundu katikati, na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa kila upande.

Nyota inaonyesha mahali tu. Jina la mtu halimo. Kwa mtu mnahitaji namba ya jeshi, nayo hukaa kwenye kitabu cha askari au cheti cha kuachishwa jeshi. Tafuteni chini ya sanduku, ndani ya msahafu, kwenye mkoba wa hati za shamba. Namba inaweza kutanguliwa na herufi. Zinakilini zote kama zilivyo, ni sehemu ya namba.

Kikosi nacho kinaweza kupatikana bila karatasi. Keya za Tanganyika zilizokwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki zilikuwa na alama ya TT, yaani Tanganyika Territory. Ya 26 ilikuwa katika Brigedi ya 25, na ya 36 katika Brigedi ya 26. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944, ikaingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Babu akikumbukwa kwa habari za matope, magari kuzama na daraja refu la kuelea, simulizi hiyo inakaa mahali pake. Shajara za vikosi hivyo ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu WO 172, na nyingi hupatikana kwa kulipia nakala. Humo maofisa wametajwa kwa majina, askari mara nyingi kwa idadi tu, lakini mtajua kombania ilikuwa wapi siku kwa siku. Mafaili ya makao makuu ya jeshi la Afrika Mashariki mengine yako Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, fungu DEF.

Kwa ukoo ambao mtu wao hakurudi, njia ni fupi zaidi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti. Waliokufa Burma bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, uliopo Taukkyan. Ukoo wenye mtu wa mizinga, aliyekuwa katika Rejimenti ya 301, utazame tarehe 12 Februari 1944: siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na watu karibu 1,300 wakafa. Kwa vita ya kwanza orodha hiyo ina mapengo makubwa. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi Waafrika hawakuandikwa majina. Jina la mpagazi wa Lindi likikosekana humo, haina maana kwamba hakwenda.

Swali (msomaji, Lindi mjini): Cheti cha marehemu babu kimepasuka kwenye mikunjo. Fundi wa steshenari anataka kukilamineti. Nimruhusu?

Jibu: Hapana, dada. Joto la mashine linaweza kufifisha wino, na plastiki ikishaganda haitoki bila kuondoka na karatasi. Gundi ya selotepu nayo huwa njano na kula maandishi. Pini zilizoshika kutu ziondoe taratibu kwa kuzinyoosha, usizivute. Kilaze cheti juu ya karatasi nyeupe safi, kipige picha mbele na nyuma kivulini bila mwako wa simu, kila robo peke yake, kisha chote kwa pamoja. Ukimaliza, kiweke bila kukikunja kati ya karatasi mbili kavu ndani ya bahasha kubwa, juu ya kabati na mbali na ukuta wa nje, kwa sababu unyevu wa pwani hupitia ukutani. Ukienda Upanga acha cheti nyumbani, chukua nakala, kitambulisho, barua ya utambulisho na penseli. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na nyaraka.