Dirishani kwa methadoni: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zinatoka Dar es Salaam mpaka Kilifi, na nyingi zinazunguka swali moja: huyu ndugu yetu anayetumia dawa za kulevya, serikali inamhesabu mgonjwa au mhalifu? Nimekaa miaka kadhaa dirishani nikigawa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, yaani unga, kwa hiyo msishangae nikiegemea upande mmoja.

Dada, habari za kazi. Mwanangu anavuta unga tangu kidato cha tatu. Nasikia kuna dawa ya bure hospitali, lakini jirani ananiambia ni kumtoa kwenye unga huu na kumtia kwenye mwingine. Mama, Dar es Salaam

Nzuri mama, pole sana. Jirani yako ana nusu ya ukweli. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, na akiiacha ghafla arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, itamkuta. Tofauti ni saa. Heroini humwishia baada ya saa chache, ndiyo maana teja anaamka alfajiri akiwaza hela ya kete, na simu yako inapotea. Methadoni aliyokunywa asubuhi inamshika mpaka kesho yake. Hapo katikati anapata siku nzima ya kuwa fundi, baba, au mtu wa kukaa tu barazani bila kutafuta chochote.

Huduma hii ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Dawa ni ya maji, anainywa mbele ya mtoa huduma, halafu anaulizwa jina lake. Si kwamba tumemsahau! Aliyeificha mdomoni ili akaiuze hawezi kutamka vizuri.

Sasa nikwambie ambalo halimo kwenye mabango. Dawa ni bure, nauli si bure. Kwa anayeanza ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo. Nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akitembea kutoka Kigogo hadi Mwananyamala, ndala zimelika upande mmoja. Mvua za masika zilipoanza akakosa siku mbili, siku ya tatu akarudi kijiweni. Kwa hiyo kabla hujauliza dawa inafanyaje kazi, piga hesabu ya daladala za miezi sita, na mpangane nyumbani nani atatoa. Na kama shida yake ni bangi au pombe, methadoni haimhusu. Ni ya heroini na ndugu zake tu.

Mume wangu yuko kwenye methadoni mwaka wa pili. Tangu aanze dawa za TB, saa tisa mchana anapiga miayo, jasho linamtoka, pua inachuruzika. Wenzake wanasema ameanza kuchanganya na unga. Mke, Temeke

Usimgombeze bado. Ndani ya dawa za TB kuna rifampisini, na hiyo hulifanya ini liichome methadoni haraka kuliko kawaida. Anachokipata saa tisa ni arosto ya kweli. Nendeni wote wawili kliniki na kadi yake ya TB, dozi itapandishwa. Siku akimaliza TB mrudi tena, kwa sababu dozi ile kubwa bila rifampisini inaweza kumzidi. Baadhi ya dawa za VVU nazo hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana mimi hupigania TB, VVU na methadoni vikae jengo moja. Mkivitenganisha, mgonjwa anageuka tarishi wa kubeba habari zake mwenyewe.

Tumemweka kaka sobahausi, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa na pombe, tunalipa kila mwezi. Nimeenda kumtembelea nikaambiwa haruhusiwi kuonwa wiki za mwanzo. Ni sawa? Mdogo wake, Tanga

Sobahausi nyingi zinaendeshwa na watu walioacha wenyewe, na wamewaokoa wengi ambao sisi wa hospitali tuliwashindwa. Lakini uliza mambo matatu. Imesajiliwa, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaijua? Kuna mhudumu wa afya anayefika? Na je, kuna mtu amefungwa au kupigwa? Jibu la tatu likiwa ndiyo, mtoe leo. Mamlaka ina namba ya bure, 119.

Kama kaka alikuwa mlevi wa pombe kali, swali la pili ndilo la kufa na kupona. Arosto ya heroini inatesa lakini kwa kawaida haiui. Pombe ikikatwa ghafla kwa mlevi wa miaka inaweza kuleta degedege na kifo. Kwa unga, hatari iko siku ya kutoka: mwili umeshasahau, yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani, na akikirudia kinaweza kumuua. Anayetoka gerezani vilevile.

Mbona miraa inalimwa Meru kwa baraka za serikali, nikivuka Namanga nakamatwa? Dereva

Kwa sababu Kenya imeiweka kwenye sheria ya mazao, Tanzania imeiweka kwenye sheria ya dawa za kulevya. Jani ni lilelile. Litafune lote kabla ya mpaka.

Ureno wamehalalisha dawa zote na mambo yao mazuri. Sisi tunangoja nini? Mwanafunzi, Mombasa

Hawakuhalalisha. Tangu Julai 2001, ukikutwa na kiasi cha matumizi yako kisichozidi siku 10 hupelekwi mahakama ya jinai, unapelekwa mbele ya jopo la watu watatu linalozungumza nawe na kukuelekeza kwenye tiba. Muuzaji anafungwa kama kawaida. Jimbo la Oregon, Marekani, liliondoa adhabu ya jinai mwaka 2021 kabla huduma za tiba hazijasimama, watu wakachoka kuona watumiaji barabarani, na Septemba 2024 kosa likarudishwa. Jenga zahanati kwanza, kisha uguse sheria.

Mdogo wangu alikunywa sumu, tukaogopa kumpeleka hospitali kwa ajili ya polisi. Amepona, lakini akirudia? Dada, Kilifi

Mshukuruni Mungu, na siku nyingine msisite. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba. Wasomaji wa Tanzania, kwenu Kanuni ya Adhabu bado inaliita kosa, lakini mgonjwa mahututi anatibiwa kwanza, karatasi za polisi baadaye.

Hata sasa amepona, mpeleke akaonane na mtu wa afya ya akili, nawe ukae naye. Muulize waziwazi kama bado anawaza kufa; kuuliza hakumpi wazo hilo. Ondoeni dawa za shamba nyumbani. Na ikitokea tena, mkimbizeni, mkabebe na kopo lenyewe, mkaseme mapokezi amekunywa nini na saa ngapi.